John Newton: Aliokoka 1748, akaendelea kuuza watu

Nikiwa kidato cha pili kuna mhubiri alikuja shuleni kwetu Jumapili moja, akahubiri kama masaa mawili, mwisho akaita wanaotaka kuokoka wasonge mbele. Tulisonga kama thelathini hivi. Nililia, sitaki kudanganya. Usiku ule bwenini jamaa wa kitanda cha juu akaniuliza kama basi kesho nitamrudishia mwenyewe ile ndoo niliyoiondoa bafuni muhula uliopita. Nikamjibu kwamba wokovu ni kwa imani, mambo ya ndoo ni ya kando. Nilijiona msomi wa Biblia kabisa. Ndoo ile nilimaliza nayo kidato cha nne.

Nimeikumbuka juzi nikisoma maisha ya John Newton. Kama humjui kwa jina, wimbo wake unaujua: ule ambao kwa Kiingereza unaitwa Amazing Grace, unaoimbwa matanga baada ya matanga, hata na watu ambao mara ya mwisho kuingia kanisani ilikuwa harusi ya binamu yao. Maneno yake yaliandikwa na huyu Mwingereza.

Stori yake huwa inasimuliwa kwa kifupi. Jamaa alikuwa nahodha wa meli ya watumwa, dhoruba ikampata baharini, akamlilia Mungu, akaokoka, akaachana na biashara hiyo siku hiyo hiyo, akawa kasisi, akaandika wimbo. Nimeisikia hivyo mara kadhaa, mara moja ndani ya matatu ya kwenda Rongai. Ni stori tamu, na inafaa sana kuita watu mbele. Shida yake ni moja tu: mambo hayakwenda hivyo. Dhoruba ilipompata, Newton hakuwa nahodha wa meli yoyote. Alikuwa abiria. Unahodha wa meli za watumwa aliupata baadaye, akiwa tayari ameokoka.

Mimi hapo nilirudi nyuma nikasoma tena, nikidhani nimechanganya miaka.

Newton alizaliwa London mwaka 1725, mtaa wa Wapping kando ya mto Thames, mahali pa mabaharia na vilabu vya pombe. Babake alikuwa nahodha wa meli za biashara, mtu wa kuonekana nyumbani kwa nadra, na akionekana ni mkali. Mamake, Elizabeth, ndiye aliyekuwa wa maombi. Alimfundisha mtoto kusoma mapema, akamkaririsha mafungu ya Biblia, na alikuwa na ndoto kwamba siku moja kijana wake atakuwa mhubiri. Kifua kikuu kikamchukua mwaka 1732, wiki mbili kabla mtoto hajafikisha miaka saba. Baba akaoa tena. Kufikia miaka 11, kijana alikuwa baharini na babake.

Desemba 1742, akiwa na miaka 17, alikuwa ametafutiwa kazi Jamaica na rafiki ya babake, mfanyabiashara wa Liverpool aliyeitwa Joseph Manesty. Kabla ya kusafiri akapita Chatham, Kent, kuwasalimia marafiki wa marehemu mamake. Huko akamwona binti yao Mary, wenyewe walimwita Polly, ambaye hakuwa hata amefikisha miaka 14. Ziara iliyokuwa ya siku tatu ikawa ya wiki tatu. Meli ya Jamaica ikang'oa nanga bila yeye.

Mwaka 1744 jeshi la wanamaji likamnyaka. Zamani hizo Uingereza ilipokosa mabaharia wa vita, vikosi vilizunguka bandarini vikikamata vijana kwa nguvu, na hakuna wa kumlalamikia. Newton akajikuta ndani ya manowari ya Harwich. Jina la babake likamsaidia akapewa cheo kidogo cha uafisa, na humo melini akapata rafiki aliyemshawishi kwamba mambo ya Mungu ni hadithi tu za kutisha watoto. Imani ya mamake ikaishia hapo. Kisha akatoroka, akakamatwa, akavuliwa shati mbele ya meli nzima, akachapwa mijeledi na kunyang'anywa cheo. Meli ilipoondoka Uingereza alikuwa amejaa chuki hadi akawaza kumuua nahodha na kujitupa baharini. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba kilichomzuia ni kufikiria Polly atamwonaje. Hofu ya Mungu haikuwa kwenye hesabu.

Mwaka 1745, kisiwani Madeira, alibadilishwa kutoka manowari ile akapelekwa kwenye meli ya biashara iliyokuwa ikielekea Sierra Leone kununua watu. Huko akaacha meli akaanza kumfanyia kazi mzungu mmoja aliyeitwa Clow, mnunuzi wa watumwa kwenye visiwa vya Plantain.

Hapa ndipo maisha yake yananishangaza zaidi. Newton aliugua homa, na Clow akasafiri akamwacha chini ya mke wake, mwanamke wa ukoo mkubwa wa huko ambaye hakumpenda hata kidogo. Alilala juu ya mkeka, gogo likiwa mto. Kupata maji tu ilikuwa kazi. Chakula chake kilikuwa mabaki ya sahani ya mama huyo, na siku moja, kwa udhaifu, sahani ikamponyoka chakula kikamwagika. Meza ilikuwa imejaa lakini akachekwa na kunyimwa kingine. Usiku akawa anajikokota kwenye shamba kung'oa mizizi na kuila mbichi. Baadaye Clow mwenyewe akaambiwa kwamba kijana ni mwizi, akaanza kumfunga mnyororo melini kila akishuka pwani, akimwachia kipimo kidogo cha mchele kwa siku nzima.

Na unajua ni nani walimlisha? Watumwa. Watu waliokuwa kwenye minyororo wakingoja kuuzwa ndio waliokuwa wakimpitishia kisiri sehemu ya kile kidogo walichopewa. Newton mwenyewe aliliandika hilo, kwa hivyo hakulisahau. Miaka michache baadaye alikuwa anawanunua watu kama hao kwenye pwani ile ile. Kulikumbuka alilikumbuka, lakini kuliunganisha na kazi yake kulichukua muda mrefu sana.

Kuna kisa kidogo cha miti nakipenda. Clow alimweka kupanda miche midogo ya ndimu, na siku moja akipita na mkewe akamfanyia mzaha kwamba labda miti hii ikizaa, wewe utakuwa umeenda kwenu, umepewa meli, na umerudi kuchuma matunda. Walicheka sana. Newton alikuja kurudi kweli, akiwa nahodha. Yeye alikisoma kisa hicho kama ishara ya wema wa Mungu kwake, na ninaelewa. Ila nikifikiria alirudi hapo kufanya nini, hata kicheko cha Clow hakinichekeshi.

Babake alikuwa amemwomba Manesty amtafute kijana, na mwaka 1747 nahodha wa meli ya Greyhound akampata. Kufikia hapo Newton alikuwa amehamia kwa bosi mwingine, mambo yamekuwa mazuri, na hakutaka kuondoka. Nahodha akamdanganya kwamba ameachiwa urithi mnono Uingereza. Uongo mtupu. Lakini akamkumbuka Polly, akapanda.

Greyhound haikuwa imebeba watu. Ilibeba dhahabu, pembe za ndovu, nta na mbao. Safari ilikuwa ndefu na Newton hakuwa na kazi, basi kazi yake ikawa kutukana. Si matusi ya kawaida ya mabaharia; alikuwa akitunga mapya, ya kumtukana Mungu na Kristo, hadi nahodha, naye hakuwa mtakatifu, akawa anamkemea. Alipochoka akaokota kitabu cha dini kilichokuwa melini, kazi ya mtawa wa zamani Thomas à Kempis, akakisoma kupitisha muda. Wazo likampitia: je, kama haya ni ya kweli? Akakifunga.

Usiku huo huo, Machi 1748, wimbi likapasua ubavu wa meli. Aliamka maji yakiwa yamejaa chumbani. Akiwa anapanda ngazi kwenda juu, nahodha akamtuma arudi kuleta kisu. Mtu aliyepanda mahali pake akasombwa na bahari papo hapo. Wakapiga pampu tangu saa tisa usiku hadi karibu adhuhuri. Waliziba matundu kwa nguo na matandiko. Kilichowaokoa, kama unataka sababu ya kawaida, ni kwamba nta na mbao huelea. Katikati ya hekaheka hizo Newton akajikuta amemwambia nahodha kwamba kama hili halitoshi basi Mungu atuhurumie, kisha akashtuka kusikia neno huruma likitoka kinywani mwake mwenyewe. Ni nani angemhurumia yeye? Alipochoka kupampu akashika usukani, akaendesha meli hadi usiku wa manane, akiwa na masaa mengi ya kufikiria mafungu aliyokaririshwa na mamake.

Walielea karibu wiki nne, chakula kimebaki samaki wa chumvi wa kuhesabiana. Mmoja akafa. Nahodha akawa anasema kwa sauti kwamba Newton ndiye Yona wao, na angefaa kutupwa majini. Walipofika Ireland mwezi Aprili, walikuwa wanapika kipande cha mwisho. Kuanzia hapo Newton aliiadhimisha tarehe 21 Machi kila mwaka hadi alipokufa, kama siku Bwana alipomvuta kutoka majini.

Sasa ndipo stori ya kwenye matatu huisha, na ndipo swali la ndoo huanza.

Baada ya kuokoka, nini kilibadilika? Aliacha kutukana, mara moja na kwa maisha yake yote. Akaanza kusali. Akaanza kusoma Biblia. Na mwaka huo huo wa 1748 Manesty akampa kazi ya msaidizi wa nahodha kwenye meli iliyoitwa Brownlow, ikienda kununua watu Afrika Magharibi na kuwauza ng'ambo. Akaikubali na kushukuru. Alikiri kwamba pwani ya Afrika ilimrudisha kwenye maisha machafu, akaugua tena, akajikokota hadi mahali pa faragha kwenye visiwa vile vile vya Plantain, akajitoa upya kwa Mungu. Alipotubu alitubu dhambi nyingi. Kuuza watu haikuwa mojawapo.

Mwaka 1750 akamwoa Polly wake, na mwaka huo huo akapewa meli yake mwenyewe, Duke of Argyle. Alifanya safari tatu akiwa nahodha, hiyo moja na mbili kwenye meli iitwayo African, hadi 1754. Jumapili aliwakusanya mabaharia wake akawaongoza katika ibada. Alijipangia ratiba ya kuomba, kusoma na kujichunguza moyo, akaiandika kwenye daftari. Alimwandikia mkewe barua za mapenzi ambazo hata leo zingewafanya vijana wa mtaa wetu waone haya. Haya yote yakiendelea juu, chini ya mbao hizo hizo walilala wanaume wawili wawili wamefungwa pingu pamoja, na wanawake na watoto upande wao. Wakati mmoja alipohisi kuna njama ya kuasi, aliwafunga wavulana na kuwatia kibanio cha chuma kinachominya vidole gumba ili waseme. Hili hatukuambiwa na adui yake. Liko kwenye kitabu chake cha safari, kwa mwandiko wake, limeandikwa kama vile unavyoandika hali ya upepo.

Safari ya mwisho hakufa mtu yeyote, si mtumwa si baharia, na hilo lilikuwa jambo la nadra. Newton alirudi Liverpool akatoa shukrani makanisani. Hakuna aliyesimama kuuliza bidhaa zenyewe zilikuwa nini.

Ni rahisi kumwita mnafiki, na nilikuwa karibu kufanya hivyo. Lakini mnafiki ni mtu anayejua. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, nilimficha mamangu kwa miezi mitano. Karo ya muhula mzima aliyoituma nililipia nyumba na chakula. Katika miezi hiyo, nikienda nyumbani, Jumapili nilisimama kando yake kanisani nikaimba, na ninachoweza kukuambia ni kwamba sikuwa naigiza. Niliamini kila neno. Kulikuwa na chumba kimoja tu ndani yangu ambacho sikuwa nimekifungua mlango, na mle ndimo karo ilimokuwa. Kwa hivyo nikisoma kuhusu nahodha anayesali juu ya minyororo, simwoni kama mtu wa ajabu sana. Naona chumba chake tu kilikuwa kikubwa na kilikuwa na watu ndani.

Halafu kumbuka kanisa lenyewe halikuwa likimwambia kitu. Biashara ile ilikuwa halali, na Liverpool ilijengwa nayo. Wachache kama Wakweka wa Marekani walikuwa ndio wanaanza kupiga kelele miaka hiyo. Hata John Wesley, mwanzilishi wa Methodisti, alitoa kijitabu chake cha kupinga utumwa mwaka 1774 tu.

Pia usidhani Newton aliacha bahari kwa dhamiri. Mwaka 1754, akiwa na miaka 29, siku mbili kabla ya kusafiri tena, alikuwa amekaa na Polly wakinywa chai, akaanguka ghafla, akapoteza fahamu kama saa nzima. Madaktari wakamkataza kusafiri. Mtu aliyechukua nafasi yake kwenye meli ile alikufa safarini pamoja na wengi wa maafisa wake. Newton aliajiriwa forodha, bandari ya Liverpool, akaanza kujifunza Kigiriki na Kiebrania peke yake. Aliomba upasta, Askofu Mkuu wa York akamkataa. Hakuwa na digrii. (Naam, hapo nilimpenda.) Ilibidi bwana mmoja mkubwa, Lord Dartmouth, aingilie kati ndipo akapewa ukasisi mwaka 1764, akatumwa mji mdogo wa Olney, mahali pa watu maskini waliofuma lesi kwa mikono.

Tukija kwenye mafundisho yenyewe, Newton alikuwa upande wa neema bila kupepesa macho. Kwake mtu haokoki kwa kutii. Anaokolewa akiwa bado mwasi, na utii unafuata kama tunda linavyofuata mti. Ni hoja ya Paulo, na ndiyo aliyoishikilia Luther miaka 200 kabla yake. Upande wa pili kuna barua ya Yakobo, ambayo Luther hakuipenda sana, inayodai uonyeshe imani kwa unayoyafanya. Vijana wa makanisa yetu hugombana juu ya hizi mbili kila mkesha, na mara nyingi anayeshinda ni mwenye sauti. Kilichonikamata kwa Newton ni muda. Alihubiri miaka mingi kwamba mti mzuri lazima utazaa. Wake ulichukua miaka 40 kuzaa tunda hili moja.

Huko Olney alikuwa na jirani aliyemwonyesha upande mwingine wa jambo hili. William Cowper, mmoja wa washairi wakubwa wa Uingereza, alihamia huko mwaka 1767 na wakawa marafiki wa kuonana karibu kila siku. Walitunga tenzi pamoja. Kitabu chao kilitoka 1779, kina tenzi 348, nyingi za Newton. Cowper alikuwa mpole, hakumdhuru mtu, aliwatembelea wagonjwa, alifuga sungura. Na alikuwa na ugonjwa mzito wa akili. Mwanzoni mwa 1773 aliota ndoto iliyomwambia kwamba kwake yameisha. Alishawishika kwamba Mungu alikuwa amemwamuru atoe uhai wake mwenyewe kama dhabihu, na kwa kuwa alijaribu akashindwa, basi ameasi na ametupwa milele. Unaona mzigo huo? Mtu aliyeamini kwamba amepotea kwa sababu hakutii amri ambayo Mungu hakuitoa kamwe.

Newton alimchukua nyumbani kwake akakaa naye zaidi ya mwaka mmoja. Alimwambia yote ambayo mhubiri wa neema angeweza kusema, na hayakuingia. Cowper aliishi hadi 1800, akaandika mashairi mazuri, yakiwemo ya kupinga utumwa, na hakurudi tena kusali kanisani. Yaani katika nyumba ile moja, aliyekuwa ameuza mamia ya watu alilala usingizi wa mtu aliyesamehewa, na ambaye hakuwa ameuza mtu alilia kwamba hana msamaha. Sina jibu la hilo. Najua tu kwamba tukimpima mtu wokovu wake kwa amani anayohisi, tutakuwa tumewapima hawa wawili vibaya sana.

Wimbo wenyewe uliandaliwa kwa ibada ya Januari 1, 1773, siku hizo hizo Cowper akianza kuzama. Ulikuwa wa kufafanulia mahubiri yaliyotoka kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, pale Daudi anaposhangaa Mungu amemtoa wapi. Tuni tunayoijua ilibandikwa Marekani mwaka 1835, Newton akiwa kaburini miaka mingi.

Mwaka 1780 alihamia London, kanisa la St Mary Woolnoth, katikati ya mabenki. Desemba 1785 akatembelewa kisiri na mbunge wa miaka 26 aliyeitwa William Wilberforce, ambaye alimjua tangu utotoni. Kijana alikuwa ameshikwa na dini na alitaka kuacha siasa. Alikuwa na aibu hadi akazunguka mtaa kabla ya kubisha hodi. Newton angeweza kumwambia aache ulimwengu na bunge lake. Alimwambia abaki. Huyo Wilberforce ndiye aliyekuja kuwa sauti ya kupinga biashara ya watumwa bungeni kwa miaka 20.

Mwaka 1788 ndipo Newton alipofungua kile chumba. Alikuwa na miaka 62. Alichapisha kijitabu kuhusu biashara ya watumwa Afrika na kila mbunge akapata nakala. Aliungama hadharani kwamba amechelewa kusema, kwamba wakati ule hakuona ubaya wowote, na kwamba moyo wake unatetemeka akikumbuka alichoshiriki. Kisha akaeleza mambo ambayo ni nahodha tu angeyajua: jinsi watu walivyopangwa melini kwa safu kama vitabu kwenye rafu, kiasi kwamba mtu hawezi kugeuka, jinsi asubuhi mara nyingine aliye hai alikutwa amefungwa pamoja na aliyekufa, yaliyofanywa kwa wanawake. Alitoa ushahidi mbele ya baraza la mfalme mwaka huo, na mbele ya kamati ya bunge mwaka 1790. Wafanyabiashara wa Liverpool walikuwa wakidai kwamba watumwa huimba na kucheza njiani. Huyu alikuwa ndani.

Mwaka huo wa 1790, Desemba, saratani ilimchukua Polly. Alihubiri mazishi yake mwenyewe.

Jambo moja dogo linatugusa huku kwetu. Newton alikuwa miongoni mwa walioanzisha kikundi cha makasisi London mwaka 1783, na ni kutoka kikundi hicho lilitokea shirika la CMS mwaka 1799. CMS ndilo lililomleta Krapf Mombasa mwaka 1844, na ndilo lililoanzisha Freretown mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Ukipita pale Kongowea na kengele ya Frere, nyuma kabisa ya historia hiyo yuko mzee aliyewahi kuwa upande mwingine wa pingu.

Sasa rudi kwenye swali langu. Aliokoka lini? Alipokuwa anaandika habari za maisha yake, kitabu kilichotoka 1764, tayari alikuwa amesema kitu ambacho wahubiri wetu hukiruka. Alisema kwamba akiangalia nyuma, hawezi kujihesabu kuwa mwamini kamili pale kwenye dhoruba. Hilo lilikuja muda mrefu baadaye. Hakutaja tarehe nyingine. Lakini hakuacha kuadhimisha 21 Machi. Alizibeba zote mbili: siku aliyovutwa kutoka majini, na kukiri kwamba siku hiyo bado hakuwa amefika. Mimi nilikuwa nataka anichagulie moja, ili nijue nilipokuwa naimba na mamangu niliokoka ama la. Hakunichagulia. Karo, kwa wanaouliza, naendelea kuilipa kidogo kidogo, na mamangu huipokea bila kusema neno.

Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara ya watumwa Machi 1807. Newton alikuwa na miaka 81, karibu kipofu, kumbukumbu zinamtoroka hata akiwa mimbarini, lakini aliishi akaisikia habari hiyo. Alikufa Desemba 21 mwaka huo huo, akazikwa na Polly kanisani kwake London. Mwaka 1893 mabaki yao yalihamishiwa Olney.

Maneno ya kaburi lake aliyaandika mwenyewe kabla ya kufa. Anajitaja kama mtu aliyewahi kuwa kafiri na mpenda anasa, aliyekuwa mtumishi wa watumwa huko Afrika, na kwamba kwa rehema za Kristo alihifadhiwa, akasamehewa, akawekwa kuhubiri imani aliyotaka kuiharibu. Nimeyasoma polepole nikitafuta. Njaa ya Plantain imo. Ile miaka minne ya unahodha haimo.